Je, Maji Yaliyomwagika Huzoleka?

Wazee wetu wamesema ya kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Neno hili twalisikia tangu utotoni, na aghlabu hutumiwa kumnyamazisha mtu anayelilia jambo lililokwisha kupita: aliyevunja chombo, aliyepoteza mali, au aliyetokwa na neno la kuudhi akatamani lau angelilimeza. Nasi hatukulitilia shaka neno hili mpaka jioni moja, baada ya sala ya magharibi, kijana mmoja wa darsa yetu alipouliza suali ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule. Alisema: "Masheikh wangu, mtu akimdhulumu mwenziwe, toba yake haitimii mpaka amrudishie haki yake. Je, mtu akiyadhulumu maji, akayakausha mpaka yakafa pamoja na wote waliokuwa wakiishi kwayo, atamrudishia nani, na atarudisha nini? Na ikiwa mdhalimu huyo amekwisha kufa, deni hilo ni la nani?"

Suali hili halikuzuka bure. Tulikuwa tukizungumza habari za Iraki na vile vinamasi vyake vikubwa vilivyokaushwa kwa mkono wa binadamu, kisha vikarudishiwa maji, kisha vikaanza kukauka tena. Leo twaleta mbele ya wasomaji wetu yale tuliyoyafikiri tangu usiku ule. Hatudai kwamba tumefika mwisho wa jambo, walakini twaona kwamba njia imeonekana.

Kwanza yapasa kujua ni kitu gani kilichopotea. Kusini ya Iraki, pale mito ya Dijla na Furati inapokaribiana kabla ya kukutana Qurna na kuwa mto mmoja uitwao Shatt al-Arab, maji yalikuwa yakitanda juu ya nchi tambarare mfano wa bahari isiyo na kina. Wenyewe huyaita Ahwar. Yalikuwa mafungu matatu makubwa: Hammar kusini ya Furati, vinamasi vya Kati baina ya mito miwili, na Hawizeh upande wa mashariki, mpakani mwa Irani. Theluji ya milima ya Uturuki ilipoyeyuka, mito hufurika, na maji hayo yaliweza kuenea kilomita za mraba 15,000 mpaka 20,000. Ndani yake mlikuwa na misitu ya matete marefu kupita kimo cha mtu, samaki wasiohesabika, na ndege waliokuja kwa malaki kila majira ya baridi wakikimbia barafu ya kaskazini.

Na ndani yake mlikuwa na watu. Wakaao humo huitwa Maadani. Kwa kupita karne nyingi walijenga visiwa vya matete na udongo, wakaweka juu yake nyumba za matete, wakafuga jamusi, yaani nyati wa majini, wakavua samaki, wakasuka mikeka, na wakaenda kwa jirani zao kwa mitumbwi myembamba. Nyumba ya wageni yao, iitwayo mudhifu, hujengwa kwa matao ya matete yaliyofungwa pamoja mpaka yakawa manene kama mashina ya miti, bila msumari hata mmoja. Na sura ya nyumba kama hizo imeonekana katika michoro ya watu wa Sumeri waliokaa nchi hiyo yapata miaka 5,000 iliyopita. Falme zikaja zikaenda, lakini fundi wa matete akabaki.

Huenda msomaji akauliza: Haya yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Twamjibu kwamba yatuhusu kwa njia zaidi ya moja. Ni nani katika wazee wetu asiyekumbuka tende za Basra zilizofika na majahazi ya kaskazi, zimeshindiliwa katika makanda? Na boriti za mikoko zilizokatwa Lamu, si zilirudi na kusi zikaezeka nyumba za Ghuba, ambako miti ni haba? Tumekula katika maji yale, nao wamelala chini ya miti yetu.

Iko na kumbukumbu nyingine, nayo ni chungu. Katika nchi hiyo hiyo ya Basra, zama za Bani Abbasi, matajiri waliweka watumwa kwa maelfu, wengi wao watu weusi walioitwa Zanji, jina lile lile ambalo Waarabu waliipa pwani yetu. Kazi yao ilikuwa kukwangua tabaka la juu la udongo wenye chumvi ili chini yake papate kulimwa. Mwaka 869, sawa na mwaka 255 wa Hijra, waliasi wakiongozwa na Ali bin Muhammad; mwaka 871 wakaiteka Basra na kumwaga humo damu nyingi; na vita havikuisha ila mwaka 883. Vinamasi vile vile ndivyo vilivyowaficha. Basi tangu zamani hizo ardhi ile ilikuwa imekwisha kutoa onyo lake: ya kwamba anayetaka kuigeuza kwa nguvu na kwa dhuluma, huvuna chumvi na damu.

Sasa tuangalie jinsi vinamasi hivi vilivyokaushwa. Haingekuwa insafu kusema kwamba kila aliyefikiri kuvikausha alikuwa mtu muovu. Mhandisi wa Kiingereza, Sir William Willcocks, aliandika mipango ya maji ya Iraki mwaka 1911, na mwaka 1951 Frank Haigh akatoa ripoti yake juu ya mifereji na kingo. Nia iliyotajwa ilikuwa kuongeza mashamba, na kutoa maji ya chumvi yanayokusanyika katika ardhi inayomwagiliwa, ili yasiiue. Mfereji mkuu wa kazi hiyo ulianza kuchimbwa mwaka 1953. Haya ni mambo ya mtu anayetafuta ngano, na kutafuta ngano si dhambi.

Vile vile nchi za juu zilianza kujenga mabwawa. Shamu ilijenga la Tabqa na Uturuki likajenga la Keban, yote mawili katika miaka ya 1970. Kisha likaja bwawa kubwa la Atatürk, ambalo kwa kulijaza Uturuki ilisimamisha Furati mwezi mzima mwanzoni mwa mwaka 1990. Irani nayo ikafungua bwawa la Karkheh mwaka 2001, juu ya mto unaoilisha Hawizeh. Hakuna katika hawa aliyesema: "Twataka kuwaua Maadani." Kila mmoja alisema: "Twataka taa na mashamba." Lakini mafuriko ya kila mwaka, ambayo ndiyo yaliyokuwa pumzi ya vinamasi, yakawa yakipungua.

Walakini pigo kubwa lilikuja kwa kusudi. Mwezi wa Machi 1991, baada ya vita vya Kuwait, watu wa kusini waliiasi serikali ya Saddam Hussein, na waliposhindwa wengi walikimbilia matetetini kama walivyokimbilia Zanji wa kale. Serikali ikaona kwamba maficho yao ni maji, basi ikaamua kuyaondoa. Wakajenga kingo ndefu za udongo, wakaifunga mikono ya mito iliyokuwa ikiingia vinamasini, wakageuza maji na kuyapitisha kando. Vijiji vilipigwa mizinga na kuchomwa moto. Ule mfereji wa tangu 1953 ulimalizwa mwezi wa Disemba 1992, urefu wake kilomita 565. Na mwingine uliochukua maji ya Dijla ukaitwa Nahr al-Izz, yaani Mto wa Utukufu.

Tusimame kidogo kwenye jina hili. Mto uliochimbwa ili watu wafe kiu, ukaitwa Utukufu! Na kazi yote hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu kuwa ni kilimo na maendeleo. Sisi ambao neno "islahi" haliishi midomoni mwetu, yatupasa tulitazame jambo hili kwa hofu. Qurani imetuonya juu ya watu ambao wakikatazwa uharibifu hujibu kwamba wao ni watengenezaji tu. Uharibifu mkubwa kabisa mara chache huja na jina lake. Huja umevaa kanzu ya matengenezo. Na alama ya kuupambanua ni hii: mtengenezaji wa kweli huwauliza wenye kitu kabla ya kukitengeneza, wala hawi na haja ya mizinga.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 2001 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na mazingira lilitoa ripoti iliyotegemea picha zilizopigwa kutoka angani. Katikati ya miaka ya 1970 vinamasi vilikuwa na kilomita za mraba kama 8,900. Mwaka 2000 zilibaki kama 1,300 tu, na nyingi za hizo zilikuwa Hawizeh. Watu waliokisiwa kuwa 250,000 mwaka 1991, hawakufika 40,000 waliobaki humo kufikia mwaka 2003. Wengine walikwenda kambi za Irani, wengine mabanda ya pembeni mwa miji, ambako mtu aliyejua kazi mia za majini alikuwa hajui hata moja ya barabarani. Na pale palipokuwa na maji pakabaki ukoko wa chumvi, unaong'aa juani kama theluji ya uwongo.

Hapa ndipo methali yetu inapoonekana kuwa imeshinda. Maji yamemwagika, hayazoleki. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwezi wa Aprili 2003 serikali ile ilipoanguka, wenyeji hawakungoja ruhusa ya mtu. Wengine kwa sepetu, wengine kwa mitambo, walizitoboa kingo, na maji yakarudi. Mbegu na mizizi ya matete iliyolala chini ya vumbi kwa miaka kumi ikaamka. Ndege wakarudi, samaki wakarudi, na baadhi ya watu wakarudi na jamusi wao. Kufikia mwaka 2006 kiasi cha nusu ya vinamasi vya zamani kilikuwa kimerudishiwa maji. Mhandisi mmoja, Azzam Alwash, ambaye utotoni alitembezwa vinamasini na baba yake, mhandisi wa umwagiliaji, aliacha maisha yake ya Marekani akarudi Iraki, akaanzisha mwaka 2004 jumuiya ya Nature Iraq ya kusaidia kazi hiyo. Hawizeh iliandikwa mwaka 2007 katika orodha ya vinamasi vyenye thamani kwa ulimwengu mzima; vinamasi vya Kati vikafanywa mbuga ya taifa mwaka 2013; na mwezi wa Julai 2016 UNESCO ikaviingiza vinamasi vya kusini, pamoja na magofu ya Uruk, Ur na Eridu, katika urithi wa dunia.

Je, tuseme basi kwamba methali ni ya uwongo? Hapana. Tuseme kwamba ina nusu ya kweli, na nusu hiyo ni lazima tuijue, ili tusije tukafurahi kabla ya wakati. Mahali pengine maji yalirudi lakini hayakuwa maji yale: yalipita juu ya chumvi ya miaka kumi yakawa machungu, na matete hayakuota ila machache. Zamani mafuriko yaliingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, yakiosha nchi kama mtu anavyosafisha chombo. Baada ya mabwawa, maji yaliyofika yakawa kidogo, yakasimama, yakakaushwa na jua, nayo chumvi ikabaki. Ukame ukaja mwaka 2009, ukaja mwaka 2015, ukaja mwaka 2018. Mvua kubwa za mwaka 2019 zilileta neema, kisha ukame ukarudi; na mwezi wa Julai 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza kwamba karibu asilimia 70 ya vinamasi haina maji. Jamusi walikufa kwa kunywa maji ya chumvi. Na familia zilizorudi kwa vigelegele mwaka 2003, zikaanza kuhama tena, safari hii bila ya askari kuwafukuza.

Sasa tumrudie kijana wetu. Aliuliza mambo mawili: nini kirudishwe, na nani arudishe.

Ama la kwanza, twaona mfano wake ni mfano wa mali ya yatima. Chukulia kwamba mlezi amekula mali ya yatima miaka kumi, mtoto akalala njaa na asisome. Kisha mlezi akatubu, akarudisha kila shilingi mbele ya kadhi. Je, amemaliza? Mali amerudisha, lakini ile miaka kumi hakuirudisha, wala hawezi. Mwili uliodhoofu hauponi siku ya kupokea fedha. Basi mtu mwenye kumcha Mungu hatasema, "Nimekwisha kulipa, tusijuane." Atabaki karibu, amlishe, amuuguze, amsomeshe, mpaka asimame. Na hivi ndivyo ilivyo haki ya maji. Kuvunja boma ni kurudisha fedha. Chumvi ni ule udhaifu uliobaki mwilini. Toba ya boma ni ya siku moja, bali toba ya chumvi ni ya kila mwaka: kila majira ya mafuriko kinamasi kipewe fungu lake, na fungu hilo liwe haki iliyoandikwa, si sadaka ya mabaki.

Hapa hutokea mtu mwenye hoja, na hoja yake yastahili kusikilizwa. Husema: "Maji ni haba. Mji mkubwa kama Basra una kiu, mkulima ana njaa, na nyinyi mwataka maji yamwagwe juu ya matete yakaukie juani kwa ajili ya jamusi na ndege?" Twamjibu kwamba kinamasi si mahali pa kumwagia maji, ni chujio na ni ghala. Huyapokea maji mengi ya mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo, huyachuja taka, huwalea samaki na kamba ambao wavuvi wa Ghuba huwavua mbali na hapo. Waliodhani kwamba Basra itashiba kwa kukaushwa vinamasi, waliona mwaka 2018. Maji matamu ya Shatt al-Arab yalipungua, chumvi ya bahari ikapanda mtoni, uchafu wa mji na wa mashamba ukachanganyika humo, na katika msimu mmoja watu wasiopungua 118,000 waliingia hospitali. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja. Twasema kwamba mto uliodhoofishwa tangu juu haukuwa na nguvu ya kuwakinga watu wa chini.

Na mtu wa pili ana hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Husema: "Nyinyi mwalilia nyumba za matete kwa sababu hamkai humo. Mwenyewe Maadani ataka shule, taa na daktari. Mzungu Wilfred Thesiger alikaa nao miaka ya 1950 akawaandikia kitabu, watu wakakipenda. Lakini mgeni huweza kuondoka, mwenyeji akabaki na mbu." Hoja hii ni ya haki. Ni kweli kwamba si wote waliotaka kurudi, na vijana wengi waliokulia mjini hawakutaka. Wala hatusemi kwamba mtu alazimishwe kuishi kama babu yake ili wageni waje kumtazama. Walakini yatazameni mambo haya mawili kwa makini. Mtu anayehama kwa khiyari yake huacha nyuma nyumba anayoweza kuirudia. Mtu anayehamishwa kwa kukaushiwa maji hana pa kurudi, na khiyari yake yenyewe imeibiwa. Tunaposema haki irudishwe, twataka khiyari irudishwe: maji yawepo, na shule iwepo, kisha mwenyewe achague. Anayempa shule kwa sharti la kumnyang'anya maji hakumpa kitu. Amemuuzia, tena kwa bei ya ghali.

Palikuwa na wa tatu pia, nasi hatutamficha, kwani alikuwa miongoni mwetu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wale ni Mashia, si wa madhehebu yetu. Mzee wa darsa alimtazama kitambo, kisha akamuuliza: "Na wale jamusi, walikuwa wa madhehebu gani?" Hakuna aliyecheka. Kiu haina madhehebu, na mwenye kudhulumiwa haulizwi asali vipi kabla ya kuteteawa.

Ama suali la pili, nani arudishe, watu wengi hujibu upesi: "Aliyeharibu." Lakini aliyeharibu kwa kusudi alikwisha kuhukumiwa kwa dhuluma nyingine na kunyongwa mwaka 2006. Je, deni limekufa naye? Sisi twajua kwamba mtu akifa na deni, mirathi haigawanywi mpaka deni litoke. Basi na tutazame ni nani aliye na ile mirathi. Ni yule ambaye maji yaliyozuiliwa yako mikononi mwake leo. Mkulima wa Iraki anayemwagilia kwa kufurikisha shamba, nusu ya maji ikapotea, ana fungu katika deni. Serikali yake isiyoitengeneza mifereji ina fungu. Na walio juu ya mito wana fungu, ijapokuwa hawakumpiga mtu risasi.

Watu wa juu hujibu kwamba mto waanza kwao, hivyo ni mali yao. Jawabu hili halikuanza jana. Madina palikuwa na mabonde yaliyoteremsha maji ya mvua, na watu wakagombana juu yake. Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wa juu atangulie kumwagilia, azuie maji mpaka yafike kiasi cha vifundo vya miguu, kisha ayaachilie kwa wa chini. Tazameni uadilifu wa hukumu hii. Haikumnyima wa juu haki ya kutangulia, wala haikuifanya haki ya kutangulia kuwa haki ya kumiliki. Kutangulia kuna kipimo, na kipimo chake kiko chini sana, kwenye vifundo vya miguu, si kooni. Mwaka 1987 Uturuki iliahidi kuiachia Shamu mita za ujazo 500 za Furati kila sekunde, na baadaye Shamu na Iraki zikaafikiana kugawana, asilimia 42 kwa Shamu na 58 kwa Iraki. Hicho ni kipimo, na kipimo chochote ni bora kuliko kutokuwa nacho. Lakini Dijla haikupata ahadi kama hiyo, na bwawa la Ilısu likaanza kujazwa mwaka 2019. Na katika hesabu zote hizo za sekunde na asilimia, kinamasi chenyewe hakikutajwa kuwa miongoni mwa warithi.

Ndugu wasomaji, ni wepesi kuwahukumu Waturuki na Wairaki tukiwa tumekaa barazani. Basi natumalizie kwa kujihukumu wenyewe. Yuko ndege mdogo, mgongo wake rangi ya udongo, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Basra. Huzaa matetetini mwa Iraki, na wakati wa baridi huruka kuja Afrika Mashariki. Hukamatwa na kuvishwa pete pale Ngulia, Tsavo, akipita, na hukaa vichakani mwa bonde la Mto Tana. Ndege huyu hana pasi ya kusafiria, wala hajui mpaka. Kwake yeye vinamasi vya Basra na delta ya Tana ni nyumba moja yenye vyumba viwili, na chumba kimoja kikibomolewa, hana nyumba.

Na chumba chetu ki hali gani? Tana imefungwa kwa mabwawa matano juu, la kwanza Kindaruma mwaka 1968, na kubwa kabisa Masinga mwaka 1981. Sisi wa mjini twawasha taa kwa nguvu za mto huo. Mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma yamepungua, chumvi ya bahari yapanda, na watu hugombea kilichobaki. Mwaka 2012 ugomvi huo ulimwaga damu, wakafa watu zaidi ya 100 kabla haujatulia mwaka uliofuata, wengi wao Waislamu, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka huo huo delta hiyo iliandikwa katika ile orodha ya ulimwengu ambayo Hawizeh imo. Hivyo sisi tulioshangazwa na watu wa juu wa Furati, tu watu wa juu wa mtu mwingine. Kila anayefungua mfereji, kila anayekata mikoko bila kupanda, kila anayetupa taka katika mkono wa bahari, ana jirani wa chini asiyemjua jina.

Basi hili ndilo jawabu letu kwa yule kijana. Kweli maji yaliyomwagika hayazoleki, kwa maana ya kwamba saa iliyopita hairudi, na aliyekufa ugenini hatazikwa kwao. Lakini mto si mtungi. Mtungi ukimwagika umekwisha. Mto kila mwaka huletewa maji mengine na Mola wake, na kila mwaka twaulizwa upya tutayagawaje. Aliyedhulumu mwaka jana amepewa mwaka huu. Hatuwezi kuyazoa yaliyomwagika, bali twaweza kuacha kuyazuia yanayokuja. Na atakayeitumia methali ya wazee kuwa udhuru wa kukaa kimya, amewasingizia wazee. Wao walitufundisha kuchukua hadhari kabla mtungi haujaanguka, hawakutufundisha kukaa tukitazama mto ukifa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarudishie watu wa Ahwar maji yao matamu, atufungue macho tuwaone walio chini yetu kabla hatujawalalamikia walio juu yetu, na ajaalie kipimo chetu kiwe cha vifundo vya miguu. Amin.